Gitaa la Pili: Ufundi wa Utunzi Katika Benga ya Nyanza Kusini

Mtu akisifu benga, muziki wa magitaa wa Waluo, husifu gitaa la solo. Ndilo linalosikika juu ya mengine, ndilo linalowainua watu vitini, na mpigaji wake ndiye anayetajwa jina. Leo nataka kuzungumzia gitaa la pili, lile ambalo spika za matatu kati ya Rongo na Migori hulimeza kabisa, kwa sababu utunzi wenyewe umefichwa humo.

Ipo hukumu ambayo husikika mara kwa mara kutoka kwa watu waliosoma muziki kwa vitabu vya Ulaya: kwamba benga ni muziki rahisi, wenye kodi tatu zinazozungushwa tangu mwanzo hadi mwisho. Kuhusu idadi ya kodi hawajakosea. Nyimbo nyingi za benga zinatosheka na tatu. Walichokosea ni kipimo. Kodi hupima muziki kwa wima, yaani sauti zipi zimesimama juu ya zipi kwa wakati mmoja. Benga hutungwa kwa ulalo. Kila chombo kina mstari wake wenye safari yake, na ustadi wa mtunzi uko katika namna mistari hiyo inavyopishana bila kugongana.

Ulaya ufundi huo huitwa kauntapointi. Mwaka 1725 Johann Joseph Fux alichapisha huko Vienna kitabu cha kuufundisha, Gradus ad Parnassum, na Haydn alijifunzia humo. Kanuni zake ni nyingi na baadhi ni kali mno, lakini wazo la msingi halina ugumu: sauti mbili zikienda pamoja, kila moja iwe wimbo kamili hata ikiachwa peke yake, na zikikutana isiwepo inayomeza nyenzake. Moja ikipanda, ni vyema nyingine ishuke au itulie. Mwanakwaya yeyote wa Homa Bay anaweza kuitambua tofauti. Katika tenzi za kanisani, soprano, alto, teno na besi hutamka silabi moja kwa wakati mmoja na kubadilika pamoja. Hiyo ni mizani ya kodi. Lakini pale teno wanapoanza maneno ambayo soprano wameshayatamka, huku besi wakishikilia sauti moja chini, hapo kauntapointi imeingia.

Wapigaji wa benga hawakuitoa kwa Fux. Waliikuta nyumbani, kwenye nyatiti.

Nyatiti ya Waluo ina nyuzi nane, nne za mkono huu na nne za mkono ule. Mpigaji huketi kwenye kigoda kifupi, chombo kikiwa kimelala mbele yake. Kwenye kidole cha mguu huvaa pete ya chuma, naye huigonga kwenye ubao wa chombo, na kifundoni hufunga njuga za gara. Kisha anaimba. Hesabu basi: mkono wa kushoto, mkono wa kulia, mguu, koo. Ni mistari minne kutoka kwa mtu mmoja, na hakuna unaonakili mwingine. Mikono hupokezana noti kwa kasi hivi kwamba msikilizaji hawezi kusema ni upi uliopiga ipi. Mguu hushika mapigo mazito. Sauti ya mwimbaji hupita juu ya hayo yote, mara nyingi ikianza pale ambapo nyuzi hazijaanza na kumalizika pale ambapo hazijamaliza. Wakuria wa Migori nao wana iritungu, jamaa wa karibu wa nyatiti, yenye mngurumo wa chini mzito zaidi. Mwenye hamu ya kujua besi ya benga imetoka wapi asikilize vyombo hivi viwili kabla hajamsikiliza mpiga gitaa yeyote.

Gitaa lilipoenea katika Nyanza baada ya Vita Vikuu vya Pili, lilikuja na mafunzo ya Katanga. Jean Bosco Mwenda, mpiga gitaa wa huko aliyerekodiwa na mtafiti Hugh Tracey mwaka 1952, alikuwa na namna ya kuchomoa nyuzi kwa vidole ambayo kidole gumba kilibeba mstari wa chini na cha shahada kikabeba wa juu. Edouard Masengo wa hukohuko akaja Nairobi na ufundi wa aina hiyo. Kijana wa Kiluo aliyelelewa penye nyatiti hakuona jambo geni hapo, kwani mikono ya wapigaji wa kwao ilikuwa inagawana kazi hivyo siku zote. Jipya lilikuwa chombo. Na bendi zilipopata magitaa ya umeme katika miaka ya 1960, kazi iliyokuwa ya mtu mmoja ikagawiwa watu wanne: gitaa la solo, gitaa la pili, besi na dramu. Kwa maoni yangu huu ndio uamuzi mkubwa zaidi wa kiutunzi katika historia ya benga. Kila mkono wa nyatiti ulipata mwili wake.

Aliyeupeleka uamuzi huo mbali kuliko wengi ni Daniel Owino Misiani, mzaliwa wa upande wa Shirati, Tanzania, karibu kabisa na mpaka wa Migori. Bendi yake ya Shirati Jazz ilidumu tangu miaka ya 1960 hadi alipofariki katika ajali ya barabarani Kisumu, Mei 2006. Wengi humkumbuka kwa mafumbo yake ya kisiasa yaliyomtia matatani na serikali, na ni haki akumbukwe hivyo. Mimi nadai akumbukwe pia kama mtunzi wa mistari. Sikiliza rekodi zilizokusanywa na GlobeStyle ya London mwaka 1989 kwa jina la Piny Ose Mer. Usisikilize mara moja. Mara ya kwanza fuata sauti za waimbaji, ambao kwa kawaida ni wawili wanaokwenda sambamba, mmoja juu kidogo ya mwenzake. Fux angekubali usambamba huo kwa kipande kifupi tu. Misiani anaufanya kuwa desturi, na ni sawa, kwa sababu kwake waimbaji wawili ni mstari mmoja mnene. Mara ya pili fuata besi peke yake. Mara ya tatu tafuta gitaa la pili. Utalikosa mwanzoni. Halikosekani kwa kuwa ni dogo, bali kwa kuwa limewekwa palepale ambapo wenzake wameacha nafasi.

Hapa panahitaji kuelezwa polepole. Chukua mapigo manane madogo yanayorudi na kurudi. Tuseme gitaa la solo linapiga katika pigo la 1, la 4 na la 7. Gitaa la pili linapiga katika la 3, la 6 na la 8. Besi inakaa katika la 2 na la 5. Mfano huu nimeutunga mwenyewe ili uonekane wazi, haumo katika wimbo wowote, na katika benga halisi mistari hukutana hapa na pale, hasa kodi inapobadilika. Lakini tazama kilichotokea: hakuna pigo lililobaki tupu, na hakuna mpigaji aliyejaza yote. Ni kama wanawake wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja: mchi wa huyu hushuka wakati wa yule unapanda, na kasi ya kinu ni mara mbili ya kasi ya kila mmoja wao. Ndiyo maana benga husikika ikikimbia hali mpigaji mwenyewe ametulia.

Kuna pia jambo la kustaajabisha zaidi. Sikio la binadamu haliwafuati wapigaji. Hufuata urefu wa sauti. Noti za juu za gitaa la solo na noti za juu za gitaa la pili hujikusanya sikioni na kuwa wimbo wa tatu, ambao hakuna mtu jukwaani anayeupiga. Gerhard Kubik, mtafiti kutoka Austria, alilieleza jambo hili kwa kina baada ya kujifunza marimba ya amadinda huko Kampala kwa Evaristo Muyinda, kuanzia mwaka 1959. Katika amadinda mpigaji mmoja huanzisha mstari, wa pili huingiza noti zake katikati ya zile za mwenzake, na wa tatu huokota zile za chini zilizozaliwa na wawili hao na kuzirudia kwa sauti ya juu. Muziki wa Baganda na wa Waluo ni tofauti kwa mengi, lakini akili hiyo ya utunzi ni moja: mtunzi hutunga kile ambacho msikilizaji atakisikia, hata kama hakitapigwa na yeyote.

Ndiyo maana ukimtoa mpiga gitaa la pili, solo haibaki pungufu kwa chombo kimoja tu. Inabadilika kuwa wimbo mwingine.

Gitaa la solo lenyewe lina sheria yake, nayo inatokana na lugha. Kidholuo ni lugha ya toni: neno likipandishwa au kushushwa sauti linaweza kubadili maana. Kwa hiyo mtunzi hayuko huru kabisa kuupeleka wimbo atakapo, kwani maneno yana milima na mabonde yake tayari. Mwimbaji akimaliza mshororo, gitaa huurudia kwa umbo lilelile, na msikilizaji anayejua lugha hupata hisia kwamba nyuzi zinatamka. Huo ni mwigo, mbinu ileile ambayo Bach aliijengea fugu zake, ila huku mwigo unabeba pia maana ya sentensi.

Halafu unakuja mchemko. Waimbaji wanyamaza, dramu inashika pigo moja baada ya jingine bila kupumzika, na besi iliyokuwa chini inajitokeza kwa mafungu ya noti za haraka, ikiziacha nafasi katikati yake makusudi. Umbo hili lilisaidiwa na santuri ndogo za miaka ya 1970. Upande mmoja ulikuwa na dakika chache tu, hivyo wimbo uligawanywa sehemu ya kwanza na ya pili. Ukigeuza santuri, mara nyingi ulikuta magitaa yametawala. Watunzi waliigeuza dhiki ya plastiki kuwa muundo, na muundo ukabaki hata santuri zilipopotea. Migori mjini, Prince Jully na Jolly Boys yake walibaki nao katika miaka ya 1990. Baada ya kifo chake mwaka 1997, mjane wake Princess Jully aliiongoza bendi na kuipa Dunia Mbaya, wimbo juu ya ukimwi uliosikika nchi nzima. Maneno yake mazito yamekaa juu ya magitaa ya kuchezeka, na mgongano huo wa maana na mwendo ni utunzi pia.

Wapenzi wa roki wanaodhani haya ni mambo ya mbali wasikilize bendi ya King Crimson. Katika albamu ya Discipline ya mwaka 1981, Robert Fripp na Adrian Belew waliacha kupiga kodi nzito na wakaanza kusuka magitaa mawili kwa noti mojamoja. Katika wimbo wa Frame by Frame wanaanza pamoja, kisha mmoja anadondosha noti, mistari inaachana polepole, na baadaye inakutana tena. Wahakiki waliupokea kama ugunduzi, na kwa roki ulikuwa ugunduzi kweli. Magitaa ya Nyanza yalikuwa yakisukana wakati huo kwa zaidi ya muongo mmoja, kwa hesabu tofauti lakini kwa imani ileile kwamba magitaa mawili yasifanye kazi moja. Safari za pande hizo mbili zilikutana waziwazi katika Extra Golden, bendi ya Wamarekani wapiga roki na wanabenga wa Kenya. Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 2006, Otieno Jagwasi, mmoja wa waanzilishi, akiwa ameshafariki. Mmarekani mmoja katika bendi hiyo, Ian Eagleson, alikuja Kenya kwanza kama mtafiti wa benga.

Kusini mwa Afrika kazi ya kueneza benga ilifanywa na Phares Oluoch Kanindo, mtayarishaji wa muziki ambaye baadaye alikuwa mbunge wa Homa Bay, aliyechaguliwa mwaka 1979. Santuri alizosambaza zilifika Zimbabwe, na lebo yake ya Sungura ikaupa jina mtindo mzima wa muziki wa huko. Msikilize Alick Macheso, mwanamuziki wa mtindo huo: besi yake imepanda kutoka chini hadi mbele kabisa, ikizungumza na magitaa kama mwenzao. Mbegu ile ya mchemko wa Nyanza Kusini ilikulia upande wa besi.

Walimu wa muziki wa Migori na Homa Bay, ombi langu ni kwenu. Kila mwaka mnawaandaa wanafunzi kwa tamasha la muziki la shule, na nyatiti hupanda jukwaani kwa heshima inayostahili. Ipandisheni benga pia, na muiandike kwa noti, mstari kwa mstari, gitaa la pili likiwa na ukurasa wake. Wapigaji wengi waliolipiga kwenye rekodi za miaka ya 1970 wameshazeeka, na majina yao hayakuandikwa kwenye lebo za santuri. Waendeeni na kinasa sauti wakati bado wanaweza kushika gitaa, muwaombe wapige sehemu zao peke yake, taratibu, na muandike majina yao juu ya ukurasa.