Mikwaruzo kwenye rangi ya gari: dawa kali si lazima iwe dawa bora

Gari linalopita njia za vijijini halikosi alama. Matawi ya michongoma huchora ubavuni, na kitambaa chenye mchanga siku ya kuosha huacha mikwaruzo myembamba inayoonekana jua likipiga. Madukani kuna makopo mengi yanayoahidi kuiondoa. Katika makala haya tunaeleza dawa hizo hufanya nini hasa, na namna ya kuchagua ile isiyokuletea hasara.

Dawa haizibi, inapunguza

Wengi hudhani dawa huingia ndani ya mkwaruzo na kuuziba. Sivyo. Kompaundi, kama mafundi wanavyoiita, ni uji wenye chembechembe ngumu ndogo sana, mfano wa msasa uliosagwa. Unaposugua, chembe hizo hula rangi iliyo pembeni mwa mkwaruzo mpaka ilingane na kina chake. Mkwaruzo hutoweka kwa sababu pande zake zimeshushwa.

Hatari iko hapo. Magari mengi ya siku hizi yana tabaka tatu juu ya bati: praima, kisha rangi yenyewe, na juu kabisa kliakoti, yaani tabaka angavu linaloleta mng'ao na kuikinga rangi dhidi ya jua. Kliakoti ya kiwandani kwa kawaida ina unene wa maikroni 40 hadi 50 hivi, karibu nusu ya unene wa karatasi ya kawaida ya kuchapishia. Kila ukisugua unaipunguza, na hairudi. Ikiisha, rangi ya chini hufubaa, na dawa pekee inayobaki ni kupaka rangi upya. Gharama yake ni kubwa kuliko bei ya kopo, na siku ya kuuza gari mnunuzi ataiona.

Pima mkwaruzo kwanza

Osha sehemu hiyo na uikaushe, kisha pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Ukucha usiponasa, mkwaruzo ni mwepesi. Halafu uloweshe kwa maji. Ukipotea ukiwa na maji na kurudi ukikauka, uko ndani ya kliakoti, na dawa inaweza kuuondoa.

Ukucha ukinasa, mkwaruzo umezama. Dawa inaweza kuufifisha, lakini usiukimbize mpaka uishe, maana utamaliza kliakoti kabla yake. Ukiona praima au bati, usisugue kabisa. Hapo panahitaji rangi ya kuziba, na mapema, kabla kutu haijaanza. Namba ya rangi ya gari lako mara nyingi imeandikwa kwenye kibati kilicho karibu na mlango wa dereva au chini ya boneti.

Makopo matatu, kazi tatu

Maandishi ya makopo mengi ni ya Kiingereza, kwa hiyo yatambue maneno haya.

"Rubbing compound" au "cutting compound" ni dawa kali. Inakula haraka, na huacha ukungu unaohitaji kung'arishwa tena kwa dawa laini. Ni ya rangi iliyofubaa sana au mikwaruzo iliyokataa kutoka.

"Polish" kwa kawaida ni dawa laini. Inakula kidogo na kuacha mng'ao. Kwa mikwaruzo myepesi, anza na hii.

"Wax" ni nta. Nta ya kawaida haiondoi mkwaruzo. Hulinda rangi na kuuficha kwa muda. Ndiyo maana gari hupendeza leo, na baada ya kuoshwa mara chache alama zinarudi. Ipake mwisho, baada ya kusugua.

Kanuni yetu ni moja: anza na dawa laini kuliko zote. Ikishindwa, ndipo upande ngazi moja. Dawa laini iliyoshindwa imekupotezea dakika chache, lakini kali iliyozidi imekupotezea rangi.

Wakati wa kusugua

Egesha gari kivulini na uache bati lipoe. Osha kwa maji mengi, kwani vumbi la barabarani nalo linakwaruza. Tumia kitambaa laini kisicho na mchanga. Kikianguka chini, chukua kingine. Jaribu kwanza sehemu ndogo isiyoonekana sana. Sugua eneo lisilozidi ukubwa wa sahani mbili, kwa nguvu ya kadiri, kisha futa na utazame kabla ya kuongeza. Epuka kingo za milango na mikunjo ya bati, kwa kuwa huko rangi huisha upesi.

Angalia kitambaa chako. Kwenye gari la zamani lisilo na kliakoti, kitashika rangi ya gari, na hilo ni la kawaida, ila usizidishe. Kwenye gari lenye kliakoti, rangi ikianza kutokea kwenye kitambaa, simama hapo hapo, maana umeshaitoboa.

Usitumie steliwaya, majivu wala mchanga. Chembe zake ni kubwa na hazilingani, hivyo utaondoa mkwaruzo mmoja na kuleta mia. Msasa wa maji upo katika kazi hii, lakini mwachie fundi mzoefu.

Ukipeleka gari kwa fundi mwenye mashine, kuwa makini zaidi. Mashine hula haraka kuliko mkono, na ikikaa mahali pamoja huunguza rangi kwa joto. Muulize anaanza na dawa ipi. Akisema anaanza na kali ili kazi iishe haraka, mwombe ajaribu ile laini kwanza kwenye sehemu ndogo, nawe utazame matokeo kabla hajaendelea na gari zima.