Mkono Unaoning'inia: Fizikia ya Zoezi la Bega

Mvuvi wa Pangani anapofunga chubwi kwenye mshipi, akalivuta kando na kuliachia, huwa ametengeneza pendulamu. Kanuni zinazoliongoza chubwi hilo ndizo zinazouongoza mkono wa mgonjwa wa bega katika zoezi la kuning'iniza mkono, linalohusishwa na daktari mpasuaji wa Boston, Ernest Amory Codman, aliyechapisha kitabu chake kuhusu bega mwaka 1934.

Katika ncha ya bembeo, chubwi husimama kwa nukta moja kabla ya kurudi. Kasi yake ni sifuri, lakini mchapuko wa kulirudisha katikati umefikia kilele, na nishati yote imehifadhiwa katika kimo chake. Linaposhuka, nishati hiyo hugeuka kuwa nishati mwendo. Linapopita chini kabisa, kasi ndiyo kubwa kuliko zote. Mchapuko uliobaki huelekea juu, kulikopachikwa mshipi. Hapo ndipo mshipi hukazika zaidi. Chubwi lililoachiwa kutoka nyuzi 30 huuvuta mshipi kwa nguvu inayozidi uzito wake kwa takriban robo; likiachiwa kutoka nyuzi 60, nguvu hiyo huwa mara mbili ya uzito.

Kwa mgonjwa, mshipi huo ni kano, misuli na kifuko cha kiungo cha bega. Uzito wa mkono umesambaa kutoka begani hadi vidoleni, hivyo hesabu hutofautiana kidogo, ila mwelekeo ni uleule: bembeo likiongezwa upana mara mbili, nishati huongezeka karibu mara nne. Kwa hiyo mkwezi wa minazi au mkata mkonge, hata awe na nguvu kiasi gani, huanza na bembeo dogo, wala hashiki kitu kizito pasipo agizo.

Mgonjwa huinama, akaegemea meza kwa mkono mzima, na kuuacha ule mwingine uning'inie. Kiwiliwili ndicho kinachoyumba. Mkono hufuata tu. Mhudumu ana kipimo rahisi: kiwiliwili kikitulia, mkono uliolegea huendelea kubembea kidogo, ukipungua polepole kadiri nishati inavyopotea. Ukikoma ghafla, misuli imeushika, na kano iliyoshonwa inaweza kudhurika.

Aliyefanyiwa upasuaji asianze kabla ya ruhusa ya daktari wake. Maumivu makali au ganzi vikitokea, zoezi lisitishwe. Hata hivyo, bega lisiachwe bila kusogezwa kwa sababu ya hofu pekee: huweza kuganda, hasa kwa mwenye kisukari.