Damu Mara Mbili: Kupima Tezi za Adrenali za Mbwa

Ujiji na katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, mbwa anayekataa chakula, kutapika na kulegea miguu hudhaniwa kwanza kuwa na minyoo, homa ya kupe, au nagana inayoenezwa na mbung'o. Dhana hiyo ina haki yake. Lakini mbwa anayeinuka kila atundikiwapo dripu, kisha akaanguka tena baada ya wiki chache, anastahili swali jingine: je, tezi zake za adrenali zinafanya kazi?

Tezi hizo mbili ndogo, zilizo karibu na figo, hutoa kotisoli na aldosteroni. Zikishindwa, kwa kawaida sodiamu hupungua katika damu na potasiamu hupanda hadi kuuhatarisha moyo. Daktari Thomas Addison aliueleza ugonjwa huu kwa binadamu, jijini London, mwaka 1855. Baadhi ya wagonjwa wake walikuwa na kifua kikuu kilichoziharibu tezi. Kwa mbwa, mara nyingi ni kinga ya mwili yenyewe inayozishambulia.

Kotisoli hupanda na kushuka mchana kutwa, hivyo kipimo kimoja cha chini hakithibitishi ugonjwa. Kikizidi nanomoli 55 kwa lita, kwa kawaida Addison huondolewa katika orodha. Kikiwa chini ya hapo, damu huchukuliwa, mbwa huchomwa ACTH iliyotengenezwa maabara, na baada ya saa moja damu huchukuliwa tena. Kiwango kisipovuka 55 hata hapo, tezi hazikuitika.

Mtego mkubwa ni dawa zilizotangulia. Prednisoloni husomwa na mashine nyingi kana kwamba ni kotisoli. Deksamethasoni haisomwi hivyo, ingawa ikitumika kwa siku kadhaa huzilaza tezi. Mwenye mbwa aulizwe kila sindano na kila kidonge, hata vya duka la dawa la binadamu. (Binadamu naye aliyezoea prednisoloni kwa muda mrefu asiiache ghafla, tezi zake zimelala vilevile.)

Maabara ikiwa mbali na Kigoma, seramu itenganishwe mapema na kusafirishwa katika ubaridi, kila chupa ikiandikwa saa yake. Kotisoli huvumilia safari hiyo. ACTH ya mwili huharibika upesi.

Mbwa aliyezimia hasubiri majibu. Hupewa maji ya chumvi mshipani na deksamethasoni, na damu ya kwanza huchukuliwa papo hapo.