Marburg Biharamulo: Kwa nini kurasa za mtandaoni zinapingana

Ukiandika maneno "Marburg Kagera" kwenye simu yako leo, utapata kurasa zinazopingana. Moja inasema waliofariki ni 6, nyingine 8, nyingine 10, na nyingine inasema ugonjwa haupo kabisa. Mwanafunzi wa Ngara au Biharamulo anayeandika kazi ya shule, au mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayeandaa maelezo ya mkutano wa kijiji, achague ipi?

Tuanze na tarehe. Tarehe 14 Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa Kagera kuna watu 9 wanaoshukiwa kuugua Marburg, na 8 kati yao wamefariki. Siku moja baadaye aliyekuwa Waziri wa Afya, Jenista Mhagama, alisema sampuli zilizopimwa hazikuonyesha virusi hivyo. Tarehe 20 Januari, Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na mkuu wa shirika hilo, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alitangaza kwamba mgonjwa mmoja wa Biharamulo amethibitika. Tarehe 13 Machi mlipuko ukatangazwa kwisha, baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya.

Kwa hiyo ukurasa wa tarehe 15 Januari unatoka kwa chanzo halali kabisa, serikali yenyewe, lakini anayeunukuu leo peke yake atawapotosha wenzake. Kujua nani kasema hakutoshi; angalia pia kasema lini, na kama kuna taarifa iliyofuata.

Kuna mtego mwingine wa mahali. Kagera ilipata Marburg mara mbili. Ya kwanza ilitangazwa 21 Machi 2023, wilayani Bukoba: wagonjwa 9, vifo 6. Katikati hapo, Septemba 2024, Rwanda nayo ikatangaza mlipuko wake, wagonjwa 66 na vifo 15. Kwa sisi tulio jirani na Rusumo habari hizo zilitufikia zote kwa pamoja, na mpaka leo watu huzichanganya. Akili mnemba nayo huzichanganya, tena kwa lugha ya kujiamini sana.

Halafu soma neno lililo mbele ya namba. Anayeshukiwa ni yule mwenye dalili tu. Aliyethibitika ni yule ambaye maabara imekuta virusi mwilini mwake. Hesabu ya mwisho ya Biharamulo ilikuwa 10: wawili walithibitika, na wanane walihesabiwa kuwa huenda waliugua, kwa sababu walifariki na kuzikwa kabla ya kupimwa. Wote 10 walifariki. Ukiandika "10 walithibitika" umekosea, hata kama namba yenyewe ni sahihi.

Picha zina shida yake. Wahudumu waliovaa mavazi meupe ya kujikinga wanafanana kila nchi, hivyo ni rahisi picha ya mbali kupewa jina la Biharamulo. Simu nyingi sasa zinaweza kutafuta kwa kutumia picha yenyewe na kuonyesha ilianza kuonekana wapi. Kama hukupata asili yake, iache.

Na kama ni ya kweli? Picha ya mgonjwa au ya msiba iliyokuja kwenye kundi la WhatsApp haijawa mali ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Tena vijijini kwetu ukitaja kitongoji na umri, jina halihitajiki. Kila mtu ameshamjua. Familia hizo zilikwisha kukimbiwa na majirani mara moja.

Maelezo uliyoyachukua yaandike kwa maneno yako, kisha taja ulikoyapata. Mstari mmoja unatosha: Shirika la Afya Duniani, taarifa ya 14 Januari 2025, imesomwa tarehe fulani.