Okestra ya simfoni ya Kongo iliyoanza na violoni chache: ni nini Masisi na Walikale zinaweza kujifunza?

Ukitaja neno okestra huko Masisi au Walikale, wengi watawaza magita, rumba na majina kama Franco na OK Jazz. Lakini Kongo ina okestra ya aina nyingine pia. Wapiga vyombo na wanakwaya wake ni kama 200, nao hupiga muziki wa Beethoven na Carl Orff mbele ya umati wa watu wa Kinshasa. Jina lake ni Orchestre Symphonique Kimbanguiste, kwa kifupi OSK, na mwaka 2024 ilitimiza miaka 30.

Kundi hilo halikuanzishwa na serikali, wala halikutoka katika chuo cha muziki. Lilianzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, rubani wa ndege za abiria aliyekuwa amepoteza kazi yake. Yeye ni mjukuu wa nabii Simon Kimbangu, na mtoto wa Joseph Diangienda, aliyeliongoza Kanisa la Kimbangu hadi kifo chake mwaka 1992.

Zamu ya dakika 20

Miaka hiyo Kinshasa ilikuwa imetoka katika uporaji wa 1991 na 1993. Maduka yalikuwa matupu na mishahara hailipwi. Violoni zilikuwa chache kuliko watu waliotaka kujifunza, kwa hiyo walipeana zamu: mmoja anapiga kwa dakika 20 hivi, kisha anamkabidhi mwenzake. Uzi ukikatika, waliweka waya wa breki ya baiskeli. Albert Matubanza, mmoja wa nguzo za kundi hilo, aliunda kontrabasi kwa mikono yake mwenyewe.

Wengi hawakujua kusoma nota. Walijifunza solfeji wao kwa wao, aliyetangulia akimfundisha anayefuata. Mchana kila mtu alikuwa na shughuli zake: kuna fundi umeme, kuna mama wa sokoni, kuna mwanafunzi. Jioni walikutana kwa mazoezi katika komini ya Ngiri-Ngiri. Umeme ukikatika, waliendelea kupiga gizani.

Mizizi ni kwaya

Hata hivyo, OSK haikuanza na mikono mitupu. Kanisa la Kimbangu lilikuwa na kwaya, fanfari na makundi ya filimbi kwa miaka mingi, na wapiga vyombo wengi wa kwanza walitoka humo. Walikuwa wamezoea kusikilizana.

Nyimbo hizo zilivuka mateso. Simon Kimbangu alianza kuhubiri Nkamba tarehe 6 Aprili 1921. Wabelgiji walimkamata Septemba mwaka huohuo, na alifia gerezani Elisabethville, leo Lubumbashi, tarehe 12 Oktoba 1951. Wafuasi wake walihamishwa kwa nguvu hadi majimbo ya mbali. Mashariki nako wakoloni waliogopa dini zisizokuwa chini ya wamisionari: mwaka 1944 walizima kwa silaha uasi wa Kitawala katika misitu ya Masisi na Lubutu, ukiongozwa na Bushiri Lungundo.

Dunia yaisikia

Kwa miaka 15 hivi, OSK ilijulikana zaidi Kinshasa kuliko nje. Mambo yalibadilika mwaka 2010, Wajerumani Claus Wischmann na Martin Baer walipotoa filamu yao « Kinshasa Symphony ». Mwaka 2012 televisheni ya CBS ya Marekani ilionyesha kipindi kuhusu kundi hilo. Mwaka uliofuata, Royal Philharmonic Society ya Uingereza ilimpa Diangienda uanachama wa heshima, na mwaka 2014 okestra ilikwenda kupiga nchini humo. Misaada ya vyombo na walimu ilifika. Lakini ilifika baada ya kazi, si kabla yake.

Na huku kwetu?

Kutoka Goma hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500, na hakuna barabara ya kupita moja kwa moja. Lakini jambo ambalo OSK ilianza nalo lipo Kivu Kaskazini pia. Katika parokia na makanisa ya Masisi na Walikale kuna kwaya, na vijana wanaoimba kwa sauti tatu au nne bila kinanda. Goma nayo imeonyesha kwamba muziki unaweza kukusanya watu: tangu 2014, Amani Festival imewaleta pamoja wasanii na wasikilizaji kutoka nchi za Maziwa Makuu.

Kizuizi kikubwa si violoni. Mwezi wa kwanza 2025 M23 iliiteka Masisi-centre; mwezi wa tatu iliingia Walikale-centre, kisha ikaondoka mwezi uliofuata. Familia zilikimbia, na pamoja nazo waimbaji. Kwaya ya watu 30 inaweza kutawanyika kwa usiku mmoja, mmoja akaelekea Kisangani, mwingine Bukavu.

OSK ilikosa vyombo, pesa na walimu, ikavipata pole pole kwa sababu watu wake waliweza kutoka nyumbani kila jioni, kufanya mazoezi na kurudi salama. Masisi na Walikale zina sauti tayari. Kinachokosekana kwanza ni jioni kama hizo, na hizo hakuna fundi anayeweza kuziunda kwa mbao wala kwa waya wa baiskeli.