Bawabu wa Kurasa: Maana ya Dekoreta katika Lugha ya Python

Jina la mji wa Sumbawanga, katika nyanda za juu za Ufipa, husemwa kuwa limetokana na maneno mawili ya Kifipa: sumba, yaani tupa, na wanga, yaani uchawi. Kwa maana hiyo ni sharti linalomkabili mgeni kabla hajaingia. Kwa mfano huo chaweza kuelezwa chombo kimoja cha lugha ya kompyuta iitwayo Python, ambacho tangu toleo la 2.4 la mwaka 2004 huandikwa kwa alama ya @ na kuitwa dekoreta.

Asili ya neno hilo ni kupamba. Lakini tafsiri ya “pambo” yapotosha, kwani pambo halizuii mtu. Dekoreta hukichukua kitendakazi, yaani fungu la maagizo linalotayarisha ukurasa, na kukizungushia kitendakazi kingine. Kila ombi hupita kwanza kwa huyu wa nje, naye aweza kulikataa. Jina limfaalo ni bawabu.

Ichukuliwe, mathalani, kwamba hospitali mojawapo ya Ufipa yaweka kumbukumbu za wagonjwa katika kurasa za mtandao. Bawabu atauliza maswali mawili yasiyopasa kuchanganywa. La kwanza: ni nani huyu? Asiyejulikana hupelekwa kwenye ukurasa wa kujitambulisha. La pili: je, anayo ruhusa? Karani aliyejitambulisha sawasawa, lakini asiye na haki ya kusoma maradhi ya mgonjwa, hupewa jibu la 403, yaani marufuku. Kumtaka ajitambulishe tena ni kumzungusha bure, maana alichokosa ni ruhusa, si jina. Atimizaye yote mawili hupishwa, na kitendakazi cha ndani hupokea ombi lake kama lilivyo. Utaratibu huu huandikwa mara moja. Kisha juu ya kila kitendakazi kinachohusika huwekwa mstari mmoja tu: @daktari_tu.

Hatari imo katika kusahau. Ukurasa uliokosa mstari huo hubaki wazi, wala kompyuta hailalamiki. Kwa sababu hiyo Django, mfumo wa kujengea tovuti kwa Python, tangu toleo la 5.1 la mwaka 2024 waweza kumfungia asiyejulikana kurasa zote, isipokuwa zilizotajwa kuwa wazi. Hapo sharti huwa la mji mzima, si la nyumba moja moja. Hata hivyo kinga hiyo hujibu swali la kwanza pekee. La pili hapana budi litungwe na mwandishi wa programu, hasa kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 huzihesabu habari za afya miongoni mwa taarifa nyeti.