Njia ya Wapagazi na Afya ya Moyo: Kutoka Gongoni hadi Kwihara

Mkazi wa Gongoni anayetoka nyumbani kwake alfajiri na kushika njia iendayo Kwihara, kusini-magharibi mwa mji wa Tabora, hahitaji muda mrefu kuziacha nyuma kelele za pikipiki na maduka. Mbele yake hutandaa mashamba, miembe mikongwe yenye vivuli vizito na, mbali zaidi, miti ya miombo ambayo wafuga nyuki hutundika mizinga yao. Akitembea mwendo wa kilomita sita hadi nane hivi hufika kwenye tembe ambamo David Livingstone alikaa mwaka 1872 akingoja wapagazi wa safari yake ya mwisho.

Njia hii ni sehemu ya ukumbusho wa barabara kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kuishia Ujiji. Kutoka pwani hadi Tabora ni takriban kilomita 800, na msafara ulizimaliza kwa miezi mitatu hivi. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba mizigo ya kilo 30 au zaidi mabegani. Si historia ya fahari tupu: pembe za ndovu na watumwa walipita hapo, na ndui na kipindupindu vilisafiri pamoja na watu. Barabara iliyowahi kusambaza maradhi sasa inaweza kutumiwa kuyazuia. Makala hii yaeleza namna ya kuitumia kwa faida na kwa usalama, iwe kwa miguu au kwa baiskeli.

Kwa nini tuzungumzie mwendo?

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kuwa takriban mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 nchini Tanzania alikuwa na shinikizo la juu la damu, na takriban asilimia 9 walikuwa na kisukari. Magonjwa haya huanza kimyakimya. Mtu huweza kuishi nayo miaka mingi bila maumivu, hadi siku ya kiharusi au ya figo kushindwa kazi.

Wapo watakaouliza: mtu anayelima kutwa nzima ana haja gani ya mazoezi? Swali ni la haki. Mkulima anayeshika jembe, na kijana anayesukuma baiskeli yenye magunia ya mkaa, wamekwisha kupata sehemu kubwa ya mwendo unaohitajika. Makala hii yamhusu zaidi karani, mwalimu, muuza duka, fundi cherehani na dereva wa bodaboda: watu ambao kazi zao huwakalisha tangu asubuhi hadi jioni, na ambao safari ya nusu kilomita huifanya juu ya pikipiki.

Mwendo huufanya nini mwili?

Msuli unapofanya kazi huvuta sukari kutoka katika damu hata pale insulini inapokuwa dhaifu. Athari hiyo haiishi mara tu mtu anapopumzika. Huendelea kwa saa nyingi, na huweza kufikia siku moja au mbili. Ndiyo maana mgonjwa wa kisukari hushauriwa asipitishe siku mbili mfululizo bila mazoezi.

Moyo nao hujifunza kusukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja, na kuta za mishipa hulegea vyema. Kwa wenye shinikizo la juu, mazoezi ya kudumu hushusha kipimo cha juu cha shinikizo kwa takriban milimita 5 hadi 8 za zebaki. Kiasi hicho chaonekana kidogo, lakini hupunguza hatari ya kiharusi. Hata hivyo mazoezi hayachukui nafasi ya dawa, na mgonjwa asiache vidonge vyake bila kuzungumza na daktari.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kila wiki, au dakika 75 hadi 150 za mwendo mkali. Kwa lugha ya Gongoni, hiyo ni nusu saa ya kutembea kwa haraka siku tano katika wiki.

Kipimo cha wimbo

Msomaji asiye na saa ya kupimia mapigo ya moyo anacho kipimo kingine. Ukiwa katika mwendo wa wastani, unaweza kuzungumza na mwenzako lakini huwezi kuimba kwa raha. Ukiweza kuimba wimbo mzima, ongeza mwendo. Ukishindwa kumaliza sentensi fupi bila kuvuta pumzi, umeingia katika mwendo mkali, anayeanza apunguze.

Asiyezoea asikimbilie Kwihara siku ya kwanza. Kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 12. Wiki mbili za mwanzo atembee dakika 15 kwenda na 15 kurudi. Wiki ya tatu na ya nne achanganye: dakika moja ya kukimbia polepole, dakika tatu za kutembea. Baada ya hapo aongeze umbali kidogo kidogo kila wiki, magoti na nyayo vipate muda wa kuimarika. Majeraha mengi ya wakimbiaji wapya hutokana na haraka ya kuongeza.

Kwa mwenye magoti mabovu au uzito mkubwa, baiskeli ni rafiki mwema, kwa kuwa uzito wa mwili hubebwa na kiti. Baiskeli ya kawaida ya mjini yatosha. Kiti kiwekwe katika kimo ambacho, ukikanyaga pedali iliyo chini kabisa kwa kisigino, mguu unyooke. Kiti kilicho chini mno huumiza magoti. Aliyezoea baiskeli aweza kujaribu pia safari ya kaskazini, kuelekea bwawa la Igombe, ambayo kwa urefu wake yafaa magurudumu kuliko miguu.

Jua, maji na majira

Wapagazi waliondoka kabla ya mapambazuko na mara nyingi walipiga kambi kabla ya jua la adhuhuri. Utaratibu huo bado una hekima. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na asubuhi zake za Juni na Julai ni za baridi ya kupendeza. Septemba na Oktoba miombo huchipua majani mekundu kabla ya mvua, na nchi hupendeza macho, lakini ndiyo miezi ya joto kali. Katika miezi hiyo, mazoezi yamalizike kabla ya saa tatu asubuhi.

Kunywa maji kabla ya kuondoka na uchukue chupa kwa safari ya zaidi ya saa moja. Kizunguzungu, kichefuchefu au kuumwa kichwa ni ishara ya kusimama kivulini na kujipoza kwa maji. Mtu akianza kuchanganyikiwa au kuzimia, huo ni msongo wa joto wa hatari: amwagiwe maji, apepewe, na apelekwe hospitali bila kukawia. Wakati wa mvua, kati ya Novemba na Aprili, usikae chini ya mwembe ulio peke yake radi inapopiga.

Mbung'o na magari

Karibu na mji hatari ya mbung'o ni ndogo. Anayeendesha baiskeli mbali, ndani ya misitu, ajue kwamba mbung'o wa miombo hufuata kitu kinachotembea, na huvutwa na rangi ya buluu iliyokoza na nyeusi. Rangi hizo ndizo zinazotumiwa kushonea mitego yao. Vaa nguo za rangi ya udongo au kijivu chepesi, za kitambaa kizito, kwa kuwa mdudu huyu huuma kupitia shati jembamba. Mtu akipata homa katika wiki zinazofuata baada ya kuumwa, hasa ikiwa kuna kidonda chenye uvimbe mahali alipoumwa, apimwe malaria na pia amweleze mganga kuwa alikuwa msituni. Malale ya aina ya Afrika Mashariki huenda kwa kasi, na hutibika vizuri zaidi yakigunduliwa mapema.

Hatari ya kila siku zaidi ni magari. Mwenye baiskeli apite kushoto pamoja na vyombo vingine, avae kofia ngumu na awe na taa. Anayekimbia apite kulia, ili ayaone magari yanayomjia. Nguo za rangi za kung'aa zafaa barabarani alfajiri.

Nani amwone daktari kwanza?

Mwenye kisukari, shinikizo la juu, ugonjwa wa moyo, au aliyewahi kubanwa na kifua anapopanda mlima, apimwe kabla ya kuanza. Anayetumia insulini achukue kitu cha sukari mfukoni. Asali ya Tabora, ikiwa katika kichupa kidogo, yafaa sana. Akihisi kutetemeka, jasho la baridi au njaa ya ghafla, aile na kupumzika. Maumivu ya kifua yanayosambaa hadi mkononi au tayani ni dharura, si uchovu.

Kwenda pamoja

Msafara haukutembea kwa mtu mmoja mmoja, na kwa sababu nzuri. Wanawake wengi wa mjini hutuambia kuwa kinachowazuia si uvivu. Ni macho ya watu na hofu ya kuwa peke yao njiani. Kikundi cha majirani watano, kinachokutana siku tatu katika wiki baada ya swala ya alfajiri au kabla ya kufungua maduka, huondoa hofu hiyo kwa kiasi kikubwa. Kanga na raba za kawaida zatosha kutembea. Mwenye pumzi ndogo awekwe mbele aongoze mwendo, kama kirangozi alivyoongoza msafara, ili pasiwepo anayeachwa nyuma.

Ndugu msomaji, kesho asubuhi yatosha kufika kwenye mwembe wa kwanza nje ya mji na kurudi. Kabla ya mwisho wa mwezi, pita katika kituo cha afya kilicho karibu upimwe shinikizo na sukari, uandike vipimo hivyo, kisha upimwe tena baada ya miezi mitatu ya kutembea.